Fedha Zilizofika Afungi, Zisifike Palma

Alfajiri ya Jumatatu, 23 Machi 2020, waasi ambao wenyeji huwaita Al-Shabaab waliingia Mocímboa da Praia. Walipandisha bendera yao, wakachoma ofisi za serikali, wakatamba mitaani kwa saa kadhaa kama wenye mji, kisha wakaondoka. Siku hiyohiyo shule zote za Msumbiji zilifungwa kwa amri ya Rais Filipe Nyusi, siku moja tu baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini humo. Siku hiyohiyo, mjini Paris, kampuni ya Total ilitangaza kupunguza uwekezaji wake wa mwaka kwa zaidi ya dola bilioni 3. Na huko Washington, Benki Kuu ya Marekani ilisema itanunua hati fungani za serikali kwa kiasi chochote kitakachohitajika. Hisa za New York, zilizokuwa zikiporomoka kwa mwezi mzima, zilifika chini kabisa siku hiyo, na kesho yake zikaanza kupanda.

Hakuna aliyeyapanga mambo hayo yaende pamoja, lakini yote yaliigusa pwani moja, ile ya kaskazini ya Cabo Delgado, kutoka mdomo wa Ruvuma kuteremka hadi visiwa vya Kirimba.

Pwani hii haikuanza jana kuuzwa na kununuliwa mbali. Eneo la Tungi, ambako leo ndiko Palma, lilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi Wareno walipolitwaa kwa mizinga mwaka 1887. Miaka michache baadaye Lisbon iliikabidhi nchi yote ya kaskazini kwa Companhia do Niassa, kampuni iliyoendeshwa kwa mitaji ya Ulaya na kukusanya kodi ya kila nyumba ya Mmwani na Mmakonde. Hisa zake zilipita mikononi mwa Wafaransa, Waingereza na Wajerumani. Vita vya kwanza vya dunia vilipoingia huku, na mafua makuu ya 1918 yakafuata, watu walichukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi na kodi iliendelea kudaiwa. Mkataba wa kampuni ulikwisha mwaka 1929.

Mwaka 2010 Anadarko ya Marekani ilipata gesi nyingi chini ya bahari, mbele ya Palma. Juni 2019 kampuni hiyo na wenzake waliamua kujenga mtambo wa kugandisha gesi kwenye rasi ya Afungi, na miezi mitatu baadaye Total ilinunua sehemu ya Anadarko, asilimia 26.5, kwa dola bilioni 3.9. Wavuvi na wakulima wa Quitupo na vijiji jirani walianza kuhamishiwa Quitunda, kijiji kipya cha nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari, mbali na maji.

Kisha ikaja korona. Ndege zilisimama, viwanda vya Asia vikapunguza kazi, na mafuta yakakosa pa kwenda. Tarehe 20 Aprili 2020 bei ya mafuta ghafi ya Marekani ya kukabidhiwa Mei ilishuka chini ya sifuri, hadi dola 37.63 hasi kwa pipa; mwenye mafuta alimlipa mtu ayachukue. Gesi iliyogandishwa nayo ilianguka katika masoko ya Asia hadi bei ambayo haijawahi kuonekana. Tayari tarehe 7 Aprili ExxonMobil ilikuwa imekata bajeti yake kutoka dola bilioni 33 hadi 23, na ikaahirisha uamuzi wa kujenga mtambo wake, ambao ungekuwa wa pili hapohapo Afungi. Mtambo huo ulisubiriwa na serikali ya Maputo kama mvua ya masika.

Ugonjwa wenyewe uliingia pwani hii kwa mlango wa gesi. Mwanzoni mwa Aprili kambi ya Afungi ilipata wagonjwa, na kwa wiki kadhaa zaidi ya nusu ya wagonjwa wote waliojulikana Msumbiji walihusiana na kambi hiyo. Ujenzi ulipunguzwa na milango ikafungwa. Kijana wa Palma aliyekuwa akitarajia kibarua alirudi nyumbani.

Hapa ndipo penye jambo ambalo naona halijasemwa vya kutosha. Baada ya hofu ya Machi, fedha za dunia zilirudi, na zilirudi mapema kuliko chanjo. Riba zilikuwa karibu na sifuri kwenye nchi tajiri, na benki zilitafuta mahali pa kuweka mikopo ya muda mrefu yenye dhamana. Gesi ya Afungi ilikuwa imekwisha kuuzwa kabla haijachimbwa: zaidi ya asilimia 80 ya tani karibu milioni 13 kwa mwaka zilikuwa na wanunuzi wa mikataba ya muda mrefu, kutoka Japani, China, India na Ulaya. Anayekopesha juu ya mikataba ya namna hiyo haangalii bei ya Aprili. Anaangalia miaka ya 2030. Kwa hiyo Julai 2020, ugonjwa ukiwa bado unapamba moto, Total ilitangaza mkopo wa dola bilioni 14.9: wakala nane za serikali za kudhamini mauzo ya nje, benki 19 za biashara, na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Marekani peke yake iliidhinisha dola bilioni 4.7 kupitia benki yake ya EXIM. Uingereza iliahidi hadi dola bilioni 1.15.

Maputo nayo haikukaa kimya. Benki Kuu ya Msumbiji ilipunguza amana za lazima ambazo benki huweka kwake, ikafungua mkopo wa dola milioni 500 ili benki zisikose fedha za kigeni, na ikashusha riba elekezi kutoka asilimia 12.75 hadi 11.25 mwezi Aprili, kisha 10.25 mwezi Juni. Tarehe 24 Aprili IMF ilitoa mkopo wa dharura wa dola milioni 309. Kwa nchi iliyokuwa bado inauguza jeraha la madeni ya siri, yale ya dola bilioni 2 yaliyofichuliwa mwaka 2016, huo ulikuwa msaada wa maana, na waliousimamia walifanya walichoweza.

Lakini ukishusha riba, anayenufaika ni mwenye mkopo benki. Sasa mtazame mvuvi wa Mocímboa. Hana barafu. Samaki asiponunuliwa asubuhi, hukatwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani, na ng'onda hiyo hupandishwa na wachuuzi hadi Mueda na Montepuez kubadilishwa na mahindi na mihogo. Mtaji wake ni ngalawa, nyavu na uaminifu wa mchuuzi anayechukua mzigo leo na kulipa wiki ijayo. Hali ya hatari iliyoanza 1 Aprili ilibana masoko na kupunguza abiria kwenye magari. Daraja la mto Montepuez lilikuwa limevunjwa na mafuriko Desemba 2019, na barabara ya kaskazini ikawa ya mashaka, kwanza kwa maji, kisha kwa bunduki. Mchuuzi asipopanda, mkopo wa wiki haurudi, na riba elekezi ishuke ipande, hilo halibadiliki.

Serikali iliandaa pia fedha za kujikimu, meticais 1,500 kwa mwezi kwa kaya kwa muda wa miezi sita, kupitia taasisi ya ustawi wa jamii, INAS. Kaya nyingi zilianza kulipwa mwaka 2021. Kuandikisha watu wa pwani kungewezekana vipi, hata hivyo, watu wenyewe wakiwa mbioni? Tarehe 12 Agosti 2020 waasi waliteka bandari ya Mocímboa, na mji ukabaki mikononi mwao kwa mwaka mzima. Oktoba na Novemba maelfu walishuka kwenye ufukwe wa Paquitequete, Pemba, kwa mashua zilizojaa kupita kiasi. Moja ilizama tarehe 29 Oktoba kati ya Ibo na Matemo, na watu wasiopungua 40 wakafa. Mwaka ulipokwisha, waliokimbia makwao Cabo Delgado walizidi nusu milioni. Walihesabiwa kwa ajili ya chakula cha msaada, ilhali ngalawa na mashamba waliyoacha hayakuingia kwenye daftari la mkopeshaji yeyote.

Januari 2021 Benki Kuu iligeuza mwelekeo. Metical ilikuwa imeshuka kutoka kama 61 kwa dola hadi karibu 75 ndani ya mwaka, bei zilianza kupanda, na riba elekezi ikaruka kwa pointi tatu hadi asilimia 13.25. Palma wakati huo ilikuwa imekatiwa barabara zote. Mchele na mafuta vilikuja kwa bahari, na bei ikawa ya mwenye chombo.

Tarehe 24 Machi 2021 Total ilitangaza kwamba kazi Afungi inaanza tena. Siku hiyohiyo waasi waliivamia Palma. Matawi ya benki yaliporwa, na maelfu ya wenyeji walikimbilia kwenye uzio wa Afungi na Quitunda kutafuta hifadhi. Tarehe 26 Aprili kampuni ilitangaza kwamba mambo yamekuwa nje ya uwezo wake, na ikasimamisha mikataba. Wakopeshaji hawakupoteza mengi, kwani sehemu kubwa ya ule mkopo ilikuwa haijatolewa.

Novemba 2025, baada ya miaka minne na nusu, kampuni iliondoa tangazo hilo, ikiwa imekwisha kuiambia serikali ya Msumbiji kwamba gharama zimeongezeka kwa dola bilioni 4.5 kwa sababu ya kuchelewa. Mwezi uliofuata Uingereza ilijitoa kwenye ahadi yake ya 2020. Hasara ya kuchelewa ya kampuni ina hesabu, ina tarakimu na ina meza ya kujadiliwa. Wachuuzi wa ng'onda wa Mocímboa, waliopoteza mtaji kati ya Machi na Agosti 2020, hawajaitwa kwenye meza yoyote kuieleza ya kwao.