Polisi Waliofia Ufipa na Heshima Isiyolingana

Katika miongo ya mwanzo ya ukoloni wa Afrika Mashariki na Kati, mtu aliyeitwa polisi angeweza kukusanya kodi na kulinda mahabusu leo, kisha kesho akapelekwa vitani na kufa akiwa na bunduki mkononi. Jambo hilo linaonekana wazi kusini mwa nyanda za juu za Ufipa, ambako kati ya mwaka 1914 na 1916 askari wa vikosi vilivyokuwa na jina la polisi walipigana na kufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Namna walivyokumbukwa, au walivyosahauliwa, ni sehemu ya historia ya mkoa wa Rukwa inayostahili kuandikwa pamoja na habari za watawala wa falme za Kifipa za Nkansi na Lyangalile, za tanuri za kuyeyushia chuma na za misheni za wamisionari Wakatoliki walioitwa Mapadre Weupe.

Chanzo cha mapigano hayo kilikuwa mpaka. Mkataba wa Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliigawa nchi iliyo baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ukaiweka Ufipa upande wa Wajerumani na mji wa Abercorn, unaoitwa leo Mbala, upande wa Waingereza, huku Wamambwe na Walungu wakibaki na ndugu zao pande zote mbili. Wajerumani walijenga ngome Kasanga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, wakaiita Bismarckburg, na humo wakaweka ofisi ya wilaya na askari wake. Ng'ambo ya mpaka ulinzi ulikuwa mikononi mwa Polisi wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani nchi ambayo leo ni Zambia. Kikosi hicho kiliundwa kwa kuunganisha polisi wa Barotse na wale wa kaskazini-mashariki. Maofisa wake walikuwa Wazungu na askari wake Waafrika, na kwa kuwa eneo hilo halikuwa na jeshi jingine, polisi hao ndio waliotegemewa vita vilipozuka.

Mapema Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaishambulia Abercorn, na polisi wachache waliokuwepo waliulinda mji hadi wenzao walipowasili kutoka Kasama kwa mwendo wa miguu wa usiku na mchana. Mwaka uliofuata mapigano yalihamia kwenye Mto Saisi, ambao hutiririka kutoka Zambia, ukaingia Tanzania na kumwaga maji yake katika Ziwa Rukwa kwa jina la Momba. Hapo, mwishoni mwa Julai 1915, polisi wa Rhodesia ya Kaskazini pamoja na askari wa Kongo ya Wabelgiji, wakiongozwa na Meja O'Sullevan, walizingirwa na kikosi cha Jenerali mstaafu Kurt Wahle, wakastahimili katika mahandaki yao mpaka mwanzoni mwa Agosti, Wajerumani walipoondoka bila kuiteka ngome.

Mwaka 1916 mambo yaligeuka. Safu iliyoongozwa na Luteni Kanali Murray, chini ya amri kuu ya Jenerali Northey, iliingia Ufipa ikiwa na vikosi viwili vyenye jina la polisi: kile cha Rhodesia ya Kaskazini na kile cha Polisi wa Afrika Kusini ya Kiingereza kutoka Rhodesia ya Kusini. Safu hiyo iliizingira ngome ya Namema, karibu na mpaka, na walinzi wake wakaponyoka usiku mapema mwezi Juni. Kisha tarehe 8 Juni 1916 iliingia Bismarckburg, ikakuta askari wa ngome wamekwisha kutoroka kwa njia ya ziwa.

Nyuma ya kila askari walitembea wapagazi, waliojulikana upande wa Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland kwa jina la tengatenga. Barabara za magari zilikuwa chache mno, na mbung'o waliwaua ng'ombe wa kukokota mikokoteni, hivyo unga, risasi, mahema na majeruhi vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, njaa na uchovu, wakazikwa kando ya njia bila alama yoyote. Upande wa Wajerumani hali ilikuwa hiyohiyo, kwa kuwa askari wao wa polisi nao waliingizwa vitani, na wanavijiji walichukuliwa kuwa wapagazi.

Vita vilipokwisha ndipo ulipodhihirika ubaguzi katika heshima. Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita, iliyoanzishwa mwaka 1917 kushughulikia maziko ya askari wa milki ya Uingereza, ilitangaza kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake bila kujali cheo wala asili. Katika Afrika Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa: Mzungu alipata jiwe lenye jina, ilhali Mwafrika, hasa mpagazi, alikumbukwa kwa jumla tu au hakukumbukwa kabisa. Horace Byatt, gavana wa kwanza wa Tanganyika chini ya Waingereza, alikuwa na maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudie kuwa pori. Mwaka 2021 tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi.

Kumbukumbu inayojulikana zaidi nchini Tanzania ni Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927. Ni askari wa shaba nyeusi aliyeinama kidogo kama anayesonga mbele, bunduki yenye singe imeelekezwa bandarini, na chini yake yamechongwa maneno kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza ya kuwaenzi askari wa Kiafrika na wapagazi. Kazi hiyo ni nzuri, lakini haina jina la mtu hata mmoja, na mahali iliposimama ni mbali mno na Saisi, Namema na Kasanga.

Baada ya uhuru taifa lilijiwekea desturi yake. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, hufanyika ibada ya kitaifa ambamo Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, na viongozi wengine huweka silaha za jadi na shada la maua, kuwakumbuka waliokufa kwa ajili ya nchi. Miongoni mwao wamo polisi waliokwenda Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 pamoja na jeshi, magereza na mgambo. Hata katika miaka ya amani kazi ya polisi imeendelea kudai uhai: mwezi Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kushambuliwa njiani wilayani Kibiti, na taifa zima likawalilia.

Kuwaenzi polisi na wapagazi waliofia Ufipa si kuusifu utawala uliowatuma, kwani wengi wao hawakuchagua vita wala upande wa kupigania. Ni kutambua kwamba walikuwa watu wenye majina, wazazi na koo, na kwamba kanuni ya kumkumbuka kila mtu kwa jina lake iliwahusu wao pia. Mkoa wa Rukwa una shule, parokia na wazee wanaohifadhi habari za koo zao. Zambia iliyo jirani ina wajibu huohuo upande wake wa mpaka. Majina yanayoweza kupatikana yakusanywe sasa, yaandikwe, na yawekwe kwenye jiwe pale Kasanga, kabla wanaoyakumbuka hawajaondoka duniani.