Kaunta Buku ya Viboko

Siku yangu ya tatu ya mazoezi ya kufundisha, monita wa kidato cha pili aliniletea karatasi iliyochanwa katikati ya daftari. Juu yake kaandika "Wapiga Kelele", na chini majina 11. Mwalimu mmoja mzoefu akanipa fimbo ya mpera. "Usipowachapa leo," akaniambia, "hutawaweza mpaka unaondoka." Niliwachapa wote, viwili viwili, wasichana wanne wakiwemo. Wa saba alisema, "Mwalimu, nilikuwa namwelekeza mwenzangu hesabu." Nikamwambia anyooshe mkono.

Sasa nasoma shahada ya umahiri katika historia, na mwaka huu nimeshinda na karatasi za adhabu. Mwezi Aprili 1896, Kansela wa Ujerumani alitoa amri kuhusu adhabu kwa Waafrika katika makoloni, Afrika Mashariki ikiwemo. Mtu asichapwe zaidi ya viboko 25 kwa mara moja, wanawake wasichapwe, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Hiyo 25 ndiyo "hamsa ishirini" ya masimulizi ya wazee wetu. Kwa kuwa maofisa waliandika, leo tunajua kwamba maelfu walichapwa kila mwaka. Utawala ule uliacha ushahidi dhidi yake wenyewe.

Baada ya uhuru, fimbo ilibaki shuleni, nayo ikawekewa karatasi zake. Tanzania ilitunga kanuni za viboko mwaka 1979. Mwaka 2001 Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni. Mwaka uliofuata sisi tulipunguza idadi, kutoka sita hadi vinne. Kanuni hizo za 2002 zinasema adhabu ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, kama yupo. Kisha yaandikwe: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa.

Nilipofika kwenye kifungu hicho niliacha kusoma. Mimi sikuwa na ruhusa ya mtu, na kosa lenyewe lilikuwa kuongea darasani.

Likizo iliyopita nilipita shuleni pale kusalimia, nikaomba kuliona daftari la adhabu. Lilitolewa chini ya rundo la mitihani ya zamani, kaunta buku yenye jalada gumu, mistari imepigwa vizuri kwa rula. Yalikuwamo majina matatu tu. Kurasa zote zilizofuata zilikuwa nyeupe.

Mtafiti atakayeifungua miaka 50 ijayo ataamini kwamba shule ile ilikuwa na amani, na walimu wake walitawala darasa kwa maneno matupu. Karatasi ya wapiga kelele hataikuta. Niliitupa siku ileile. Kelele za watoto ziliandikwa, fimbo zetu hazikuandikwa.

Basi naijaza hapa safu yangu. Wanafunzi 11, viboko 22, aliyechapa ni mimi. Majina yao nimeyasahau, isipokuwa la yule wa saba. Kosa lake: alikuwa anafundisha.