Neno "empire" na amri iliyo ndani yake

Katika vitabu vya historia vya shule zetu tunakuta "empire" ya Warumi, "empire" ya Napoléon, "empire" ya Waluba, nasi tunawaza mara moja ramani: nchi kubwa iliyopakwa rangi moja. Asili ya neno haikuwa nchi.

Kwa Kilatini ni imperium, kutoka kitenzi imperare, kuamuru. Katika Roma ya kale, kabla ya kuwapo kaisari yeyote, imperium ilikuwa haki ya kuamuru waliyokabidhiwa wakubwa wachache, hasa makonsuli wawili waliochaguliwa kwa mwaka mmoja. Kila konsuli alitanguliwa na watumishi 12 waliobeba mafungu ya fimbo. Nje ya mji, shoka lilifungwa pamoja na fimbo hizo, maana huko vitani aliweza kumhukumu kifo askari asiyetii. Akiingia mjini shoka liliondolewa, kwa sababu raia wa Roma alikuwa na haki ya kukata rufani mbele ya watu. Warumi waliteka mataifa bila huruma. Lakini kwao wenyewe walijua kwamba amri isiyo na mpaka ni hatari, wakaiwekea muda, mwenzi wa kuizuia, na mstari wa mji.

Mataifa yaliyotekwa hayakupata kinga hiyo. Kadiri majeshi yalivyosonga mbele, neno likawa pia jina la nchi zote zilizopokea amri ya Roma. Mwaka 27 kabla ya Kristo, Baraza la Wazee lilimpa Octavianus jina la Augusto. Hakujiita mfalme, kwani Warumi walilichukia jina hilo. Alipenda kuitwa raia wa kwanza. Hata hivyo nguvu juu ya majeshi ilikusanyika mkononi mwake, na neno imperator, ambalo askari walimshangilia nalo jemadari mshindi, likawa sehemu ya jina lake. Ndilo lililozaa "empereur" ya Kifaransa. Ni huyo Augusto ambaye Injili ya Luka inataja agizo lake la kuhesabu watu: mtu aliye Roma anasema neno, na fundi wa Nazareti anashika njia pamoja na mchumba wake mjamzito. Hapo imperium inaonekana wazi kuliko katika ramani yoyote.

Jina lilidumu kuliko Roma. Karolo Mkuu alivikwa taji na Papa Leo III siku ya Noeli mwaka 800. Napoléon, mwaka 1804, alijivika mwenyewe, Papa Pio VII akiwapo. Kwa jirani zetu, Bokassa alitangaza "empire" ya Afrika ya Kati mwaka 1976, akavaa taji mwaka uliofuata kwa kumwiga Napoléon, akapinduliwa mwaka 1979.

Kiswahili kinatumia maneno mawili yenye asili ya Kiarabu: dola, kutoka mzizi wenye maana ya kugeuka na kupokezana zamu, na himaya, yaani ulinzi. Hilo la pili linatutia shaka kidogo. Ni mtawala gani asiyependa amri yake iitwe ulinzi? Leopold II hakulihitaji hata jina la "empire". Mwaka 1885 nchi yetu iliitwa État indépendant du Congo, Dola Huru, na mwezi wa Julai mwaka uo huo ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe ikafanywa mali ya dola. Wanakijiji waliolazimishwa kuleta mpira wa msituni, wengine wakikatwa mikono, hawakuwa na mji ambamo shoka lingeondolewa.

Na Waluba? Neno "empire" walibandikwa na wageni. Wao walimwita mtawala wao mulopwe, na chama cha Bambudye kilitunza historia ya ufalme kwa lukasa, ubao wa mti wenye shanga ambao wajuzi waliusoma kwa kupapasa na vidole. Walioujua walikumbuka jinsi wafalme wa kwanza walivyotawala, hivyo waliweza kumpima yule aliyekuwa madarakani.