Kutoka Sinema hadi Jukwaa la Mtaa: Mamlaka ya Kusimulia katika Kazi ya Tony Le-Nguyen

Safari ya mwigizaji aliyekuwa mkimbizi husimuliwa mara nyingi kama upandaji wa ngazi. Huanza na vikundi vya mtaani, hupata uhusika mdogo, kisha filamu kubwa huthibitisha kwamba amefaulu. Kwa kipimo hicho, kazi ya Tony Le-Nguyen, mkimbizi wa Kivietnam aliyekulia Australia, ingeonekana kurudi nyuma. Mwaka 1992 aliigiza katika Romper Stomper, mojawapo ya filamu za Australia zilizozua mjadala mkali katika muongo ule, kisha nguvu zake akazielekeza katika kutengeneza michezo ya kuigiza pamoja na vijana wa Kivietnam wa Footscray, magharibi mwa Melbourne. Makala hii inadai kwamba kipimo chenyewe ndicho chenye kasoro. Tukiuliza ni nani anayeamua mkimbizi aseme nini, badala ya kuuliza ni watu wangapi waliomwona, basi kazi ya jukwaa la mtaa inakuwa kiini cha mchango wake wa kisanaa.

Uzito wa swali hilo unatokana na historia. Baada ya Saigon kuanguka tarehe 30 Aprili 1975, watu karibu 800,000 waliondoka Vietnam kwa mashua na kufika katika nchi jirani katika kipindi cha miaka 20. Mashua ya kwanza kutia nanga Darwin, tarehe 26 Aprili 1976, ilikuwa na vijana watano tu, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliofika Australia moja kwa moja kwa njia hiyo walikuwa takriban 2,000. Wengi zaidi walichukuliwa kutoka kambi za Malaysia, Thailand na kwingineko. Hata hivyo, mashua ndizo zilizotawala fikra za wenyeji, katika nchi ambayo ilikuwa imefuta sera ya kuwapendelea wahamiaji weupe mwaka 1973 tu. Mwaka 1984 mwanahistoria Geoffrey Blainey alihoji hadharani kasi ya uhamiaji kutoka Asia, na mwaka 1996 mbunge Pauline Hanson akalifanya suala hilo kuwa mojawapo ya hoja kuu za hotuba yake ya kwanza bungeni. Kati ya miaka hiyo miwili, Wavietnam wa vitongoji kama Footscray, Springvale na Cabramatta walizungumzwa sana na watu wengine huku sauti zao wenyewe zikisikika kwa nadra.

Romper Stomper inaonyesha mpaka wa kile ambacho uhusika peke yake unaweza kubadilisha. Filamu hiyo, iliyoandikwa na kuongozwa na Geoffrey Wright, inahusu genge la vijana weupe wanaofuata itikadi ya Kinazi na wanaowashambulia Wavietnam wa Footscray. Le-Nguyen aliigiza kama Tiger, mmoja wa vijana wa Kivietnam wanaopambana na genge hilo. Mhakiki David Stratton alikataa kuipa filamu hiyo alama yoyote, na Russell Crowe, aliyeigiza kama kiongozi wa genge, akapata tuzo ya mwigizaji bora ya Taasisi ya Filamu ya Australia. Ni haki kukiri kwamba Wavietnam wa filamu hii si watu wa kuonewa tu, kwani wanajipanga na kujibu mapigo. Lakini mtazamaji anaingia katika chumba cha genge, anasikia hofu, mapenzi na chuki zake, ilhali Wavietnam anawaona zaidi wanapopigwa au wanapopiga. Maisha yao ya ndani hayapati nafasi. Mwigizaji, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kuijaza nafasi ambayo mwandishi hakuitenga.

Katikati ya miaka ya 1990, Le-Nguyen aliitafuta nafasi hiyo kwingine. Akishirikiana na Footscray Community Arts Centre, kituo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1974, alifanya kazi na vijana wa Kivietnam kupitia kikundi cha Vietnamese Youth Media, na mchezo Chay Vong Vong ukawa miongoni mwa matunda ya awali. Katika sanaa za maonyesho za jamii, mchezo hukua kutokana na mazungumzo na mazoezi ya washiriki wenyewe, na ugomvi wa kizazi kimoja na kingine nyumbani huweza kuwa na uzito sawa na ubaguzi wa barabarani. Wataalamu wa Afrika Mashariki wanaujua mwelekeo huu. Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walipofanya kazi kijijini Malya, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mambo kama mimba za wanafunzi yalijadiliwa kupitia ngoma na maigizo ya wanakijiji wenyewe. Mlama amesisitiza kwamba sanaa ya maendeleo hukosa maana pale ujumbe unapoletwa na mgeni ukiwa umekwisha kuandaliwa. Hoja hiyo inaihusu Footscray pia. Kijana aliyeshiriki kutunga mchezo si kielelezo cha tatizo la wahamiaji, bali ni mchambuzi wa maisha yake mwenyewe.

Pingamizi la kwanza ni la idadi. Filamu huwafikia mamilioni, mchezo wa mtaani huwafikia mamia, na anayetaka kubadilisha fikra za taifa aende kwenye umati. Mfano wa Ke Huy Quan unaweza kutolewa. Alizaliwa Saigon mwaka 1971, akapitia kambi ya wakimbizi Hong Kong, akapata umaarufu akiwa mtoto katika filamu ya Indiana Jones ya mwaka 1984, na mwaka 2023 akatwaa tuzo ya Oscar. Mafanikio yake ni makubwa, lakini kati ya umaarufu ule wa utotoni na filamu iliyompa tuzo alikosa uhusika wa maana kwa miaka mingi hata akahamia nyuma ya kamera. Kipaji chake kilikuwepo muda wote huo. Kilichokosekana ni mtu mwenye uwezo wa kuidhinisha filamu aliyemwona kuwa anastahili. Umati una faida, lakini lango lake lina wenyewe. Jukwaa la mtaa halishindani na sinema kwa idadi. Linawapa watu mazoea ya kutunga na kuamua, ambayo sinema huwapa wachache mno.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Huenda kazi ya namna hii ikamfungia mkimbizi katika hadithi ya ukimbizi, na kwa kuwa mara nyingi hutegemea ruzuku, ikawa pambo la sera ya serikali ya tamaduni nyingi. Hatari hiyo ni ya kweli, na kuna miradi mingi iliyoishia katika vyakula, mavazi na ngoma za sikukuu. Hata hivyo, kinachofunga ni kupangiwa mada, iwe na mtayarishaji wa filamu au na mfadhili. Vijana wakichagua kusema juu ya baba mkali, juu ya mapenzi au juu ya kukimbia nyumbani, tayari wamevuka hadithi waliyotarajiwa kuisimulia. Kwa hiyo ruzuku ipimwe kwa swali lile lile tulilolielekeza kwa filamu, yaani ni nani mwenye neno la mwisho kuhusu mchezo.

Uhakiki wa sanaa za wakimbizi unapaswa kubadilisha kipimo chake. Michezo ya jamii haiachi nakala nyingi kama filamu, na wahakiki wanaosubiri tuzo na mapato wataendelea kuipita bila kuiona. Watafiti wa sanaa za maonyesho wakusanye miswada, picha na kumbukumbu za washiriki wakati bado wapo wa kuzitoa, na wazisome kwa umakini ule ule wanaoupa sinema. Kazi ya Tony Le-Nguyen inastahili kuingia katika historia ya sanaa ya Australia kwa michezo aliyoitengeneza na vijana wa Footscray, na si kwa uhusika wa Tiger peke yake.