Milansi, Nkasi na Kiti cha Wapinzani

Msafiri atokaye Sumbawanga akashika njia ya kaskazini kwenda Namanyere hupita katika nyanda za juu za Ufipa, zilizoinuka baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Ni nchi ya baridi, yenye majani mengi na miti michache. Hapo kale wenyeji wake walikuwa na dola mbili, Nkansi na Lyangalile, na jina la ile ya kwanza limebaki hata leo katika wilaya ya Nkasi. Wafipa wana masimulizi ya kale juu ya kiti cha utawala na mtu asiyekuwa na kiti hicho. Na katika nchi hiyo hiyo, mwaka 2020, wapiga kura walimchagua mbunge mmoja ambaye hali yake bungeni hufanya masimulizi hayo yastahili kusikilizwa tena.

Masimulizi yasema kwamba mtawala wa kwanza wa Ufipa, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, na kwamba mji wake ulikuwa Milansi. Siku moja, mwenye mji akiwa hayupo, walifika wanawake watatu wageni wa ukoo wa Watwa, ambao si wale Watwa wa misitu ya Kongo, wakakikalia kiti chake. Aliporudi alikuta mambo yamekwisha. Hawakupigana. Yalifanyika mapatano: Watwa wakapata utawala wa nchi, naye wa Milansi akabaki na mji wake na ukuhani wa nchi, akaheshimiwa kuwa wa kwanza. Roy Willis, mwanachuoni Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliyaona masimulizi haya kuwa ndiyo ufunguo wa fikra za Wafipa juu ya utawala. Wafalme wa Watwa walikuwa na nguvu, maofisa na kodi. Wa Milansi hakuwa na hayo. Walakini hapana mfalme aliyethubutu kumwondoa, maana kuwako kwake kulikuwa sehemu ya uhalali wa ufalme wenyewe.

Juu ya hayo, mkuu wa kijiji hakuletwa na mfalme tu. Wanakijiji walimchagua wenyewe, kisha wakubwa wakamthibitisha. Basi Mfipa alizoea tangu zamani kuona mamlaka yametoka mahali pawili, na aliyekosa kiti hakuhesabiwa kuwa adui wa nchi.

Mila ya Bunge la Uingereza, iliyorithiwa na nchi nyingi, ina wazo lililo karibu na hilo. Chama kilichoshindwa hupewa heshima yake rasmi. Kiongozi wake huchagua naibu na mawaziri kivuli, kila mmoja akiikabili wizara moja ya serikali, asome hesabu zake na kuijibu hotuba ya bajeti yake. Tanzania haikuwa na jambo hilo kwa miaka thelathini, maana mwaka 1965 ilishika mfumo wa chama kimoja. Vyama vingi viliruhusiwa tena mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo huo ukafanywa mwaka 1995.

Tangu hapo kila kiongozi mpya wa kambi ya upinzani alikabiliwa na swali moja: achague watu wake tu, au awaite na wale wasiokuwa wake? Katika Bunge la 2005 hadi 2010 kiongozi alikuwa Hamad Rashid Mohamed wa CUF, na naibu wake alitoka chama kingine, yaani Dkt. Willibrod Slaa wa Chadema. Baada ya uchaguzi wa 2010 mambo yaligeuka. Chadema ilipata wabunge 48, nao walitosha kuvuka kipimo cha asilimia 12.5 ya wabunge wote kilichowekwa na kanuni. Freeman Mbowe akawa kiongozi. Kwa naibu alimchagua Zitto Kabwe, ambaye mwaka 2009 alijitokeza kuwania uenyekiti wa chama dhidi yake kisha akajitoa. Kumweka mshindani kando ya kiti ni hekima ya kale. Lakini baraza kivuli lote lilikuwa la Chadema peke yake. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba CUF ilikwisha ingia pamoja na CCM katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa huko Zanzibar. Na mtu aliye serikalini upande mmoja hawezi kuwa mpinzani upande wa pili.

Sababu hiyo ilikuwa na uzito, lakini vyama vidogo viliona vimefungiwa mlango. Mwezi wa Februari 1911 uko mbali. Ule wa 2011 ndio uliotikisa Bunge, pale kanuni zilipobadilishwa ili kambi rasmi ihesabiwe kuwa ya vyama vyote vya upinzani, na wabunge wa Chadema wakatoka nje. Mwezi wa Novemba 2013 Zitto alivuliwa nyadhifa zake chamani, na katika siku hizo hizo Said Arfi, mbunge wa Mpanda, mji uliokuwa katika mkoa wa Rukwa mpaka 2012, alijiuzulu umakamu mwenyekiti wa chama hicho. Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba likawakutanisha wapinzani katika umoja wa UKAWA. Hapo Mbowe alilivunja baraza lake na kuunda jipya lenye watu wa CUF na NCCR-Mageuzi, na James Mbatia wa NCCR akapewa fedha, wizara ambayo kiongozi yeyote angependa kumwachia mtu wa nyumbani kwake.

Kisha ukaja uchaguzi wa Oktoba 2020. Katika majimbo 264, CCM ilitangazwa kushinda 256. ACT-Wazalendo ilipata 4, CUF 3, na Chadema 1. Chadema na ACT-Wazalendo waliyakataa matokeo hayo. Jimbo moja la Chadema lilikuwa Nkasi Kaskazini, ambako Aida Khenani alimshinda Ally Keissy wa CCM, aliyelishika jimbo hilo tangu 2010. Wanawake 19 walioapishwa Novemba kwa viti maalumu vya Chadema walifukuzwa na chama chao baada ya siku chache. Hata wakihesabiwa wote, kipimo cha asilimia 12.5 hakikufikiwa. Hapakuwa na kiongozi wa upinzani, wala naibu, wala waziri kivuli.

Hapa ndipo penye funzo. Ile hesabu iliyompa Mbowe uhuru wa kuchagua peke yake mwaka 2010 ndiyo iliyowanyima wote kiti mwaka 2020. Aliyeitegemea namba alipata haki yake kwa namba, na namba ilipokwisha haki nayo ilikwisha. Wa Milansi hakuhesabiwa watu wake. Nafasi yake ilitoka katika mapatano, na mapatano hayo yaliwafunga hata wenye nguvu. Mbunge wa Nkasi alikuwa na kura za watu wake, lakini kidole kimoja hakivunji chawa.

Januari 2025 Chadema ilipata mwenyekiti mpya, Tundu Lissu, aliyemshinda Mbowe. Miongoni mwa aliowachagua kumsaidia ni John Mnyika, aliyekuwa Katibu Mkuu tangu zama za Mbowe, naye akabaki katika kazi hiyo. Lilikuwa tendo la busara. Lakini chama hicho hakikushiriki uchaguzi wa Oktoba mwaka huo. Busara ya kiongozi katika kuchagua wasaidizi haitoshi, ikiwa nchi haijapatana kwamba asiyetawala naye ana mahali pake. Wafipa walilifahamu jambo hilo walipomwacha mwenye mji wa Milansi aendelee kukaa Milansi.