Neno la Wiki: Kufomati si kufuta

Madijei wetu wakisema "nimefomati fleshi", mara nyingi wanamaanisha wamefuta nyimbo. Sivyo. Kufuta ni kuondoa vilivyomo. Kufomati ni kuipangia fleshi upya mfumo wa kuhifadhia, na vilivyomo hupotea humohumo. Asili yake ni Kilatini, forma, yaani umbo, na ndiyo maana wataalamu wakatupatia neno "umbizo".

Utata huzidi kwa kuwa umbizo ni la fleshi na la faili pia. Mashine ya madijei ya CDJ-2000 husoma fleshi yenye umbizo la FAT32 na kuikataa ya NTFS, hata ikijaa faili za MP3 tupu. Ukiweka faili ya FLAC kwenye fleshi ya FAT32, fleshi itasomwa ila wimbo hautapigwa. Kubadili faili ya MP3 iwe WAV, basi, semeni kugeuza. Kufomati kuachieni fleshi.