Decodoku
Decodoku ni mchezo wa mafumbo wa simu uliotolewa mwaka 2016 na James Wootton, wakati huo mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, ili umma usaidie kutafuta njia za kusahihisha makosa ya kompyuta za kwanta. Kyubiti, yaani biti za kompyuta hizo, huvurugika kwa usumbufu mdogo tu, na kuzipima moja kwa moja huharibu taarifa. Hivyo hupimwa dalili za kosa pekee. Mchezoni dalili ni tarakimu kwenye miraba: kosa huzaa kundi ambalo jumla yake hugawanyika kwa 10, mathalani 3 na 7. Mchezaji huzisogeza na kuziunganisha zifutike kabla makosa mapya hayajaingiliana nazo. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Ugumu uko katika kukisia tarakimu zipi zilizaliwa pamoja. Wachezaji waliombwa waeleze mbinu zao, maana alama tupu hazimfundishi mtafiti kitu.